Uchambuzi wa kisa: supavaiza ya akiba iliyokwama kwenye rommon na konsoli yake haina kebo

Kisa hiki ni cha kampuni moja ya mizigo hapa Mombasa, maghala yao yako upande wa bandari. Jina la kampuni, anwani za netiweki, majina ya mafaili na chochote cha kumtambulisha mtu nimeondoa, lakini mpangilio wa mambo nimeuacha vile ulivokuwa. Naandika kwa ajili ya wale wanaoshughulika na suichi za netiweki zenye kadi mbili za kuongoza na wako mbali na raki (kabati la vifaa), manake hapo ndipo watu wengi tunashikwa.

## Usuli

Suichi kuu yao ni Cisco Catalyst 6509-E, sanduku la sloti tisa. Sloti ya 5 na ya 6 ndizo za supavaiza, yani zile kadi zinazoendesha sanduku lote, na pale zilikuwa mbili aina ya Sup720. Moja inafanya kazi, ya pili inangoja. Ukizipanga kwa hali inayoitwa SSO ile inayongoja inakuwa na nakala ya konfigi (mipangilio yake) na hali ya suichi muda wote, mwenzake akianguka inachukua kazi kwa sekunde 0 hadi 3 kulingana na Cisco wenyewe. Sasa zikiwa na programu tofauti hazikubali SSO, zinashuka mpaka hali ya RPR ambayo kubadilishana kwake kunaanzia dakika mbili kwenda juu. Na kama ya pili haijawaka kabisa basi una supavaiza moja tu, hata kama risiti inasema mbili.

Kila supavaiza ina shimo lake la konsoli, yani pa kuchomeka waya wa kuongea nayo moja kwa moja bila kupitia netiweki. Hili ni jambo ambalo watu wanalijua kwa kichwa lakini hawalifuati kwa mikono: konsoli ni ya kadi, sio ya sanduku. Ukichomeka kebo kwenye sloti ya 5 unaongea na sloti ya 5, iwe ndiyo inaongoza au inangoja au imekufa.

Kwa upande wa kufikia konsoli kutoka mbali walikuwa na mpango mzuri kwa kweli. Kulikuwa na rauta ya zamani ya Cisco 2811 yenye moduli ya laini za asinkroni (laini za kuongea na konsoli za vifaa vingine) na ile kebo ya pweza, kebo moja nene inayogawanyika vichwa nane vya RJ-45, kila kichwa unakichomeka moja kwa moja kwenye konsoli ya kifaa bila kuhitaji kebo nyingine ya kugeuza nyaya. Rauta hii ilikuwa na modemu yake ya laini ya simu, haipiti kwenye suichi kuu hata kidogo. Kwa vile laini za simu nyingi hazikupi anwani ya umma ya kufikiwa kutoka nje, rauta yenyewe ndio ilikuwa inajenga tanuli ya VPN (njia iliyofungwa inayopita kwenye intaneti) kwenda nje, wewe unaikuta kule upande wa pili. Fikra safi.

Ila kwenye hiyo kebo ya pweza kichwa kimoja tu kilikuwa kimeenda kwenye suichi kuu, nacho kilichomekwa sloti ya 5. Vingine viliingia kwenye fayawoli na rauta za intaneti, na vilivyobaki vilifungwa pamoja kwa taiyo ya plastiki nyuma ya raki vikaning'inia. Sloti ya 6 haikuwa na kitu.

Wiki kadhaa kabla ya tukio, fundi wa nje (sio wa kampuni na sio wa timu yetu) alikuwa amekuja usiku kufanya apgredi ya programu ya suichi. Kumbukumbu yake ya kazi ilisema faili mpya imewekwa `disk0:` (diski ya kwenye supavaiza), mstari wa `boot system` unaotaja faili ya kuwashia umebadilishwa, suichi imezimwa na kuwashwa, netiweki imerudi, kazi imekwisha. Kila alichoandika ni kweli.

## Yaliyotokea

Ilikuwa siku ya kazi, mchana, malori yamepanga foleni nje ya geti yakingoja karatasi za kutokea. Netiweki ikakatika yote, simu za mezani, printa za geti, mizani, kila kitu. Baada ya dakika kadhaa ikarudi yenyewe. Meneja wa IT wa pale aliponipigia nilikuwa Malindi kwa kazi nyingine, na swali lake la kwanza halikuwa "imekatika kwa nini", lilikuwa "si tulinunua mbili?"

Swali la haki kabisa. Kama SSO ingekuwa inafanya kazi malori yasingejua kama kuna kitu kimetokea.

Netiweki ilikuwa imeshasimama kwa hivo niliingia kutoka mbali kwa SSH ya kawaida, yani kupitia netiweki yenyewe. Sloti ya 5 ilikuwa imejiwasha upya kwa hitilafu ya memori, faili ya `crashinfo` ilikuwepo na inasema hivo waziwazi. Alafu nikapiga `show redundancy states`. Upande wangu `13 -ACTIVE`, sawa. Upande wa mwenzake `1 -DISABLED`, na modi imeandikwa `Simplex`, yani inatembea na moja tu. Kwenye `show module` sloti ya 6 kadi inaonekana ipo lakini haina lile neno `Hot` unalotegemea kuliona pembeni ya supavaiza inayongoja.

Hatua ya kawaida hapo ni kujaribu kuingia kwenye supavaiza ya pili kupitia ya kwanza. Kwenye 6500 kuna `remote login standby-rp`, inakupeleka ndani kupitia sanduku lenyewe bila kebo yoyote, na kuna `remote command standby-rp` kama unataka amri moja tu ujibiwe. Zote zilikataa. Na ni lazima zikatae, njia hiyo inapita kwenye programu ya kadi zote mbili, na ya pili haikuwa imepakia programu. Kadi ambayo haijabuti haiongei na mtu ila kwa waya wa konsoli yake.

Kwa hiyo nilichojua ni hiki: kadi ipo, ina umeme, haijawaka, na sababu yake iko kwenye skrini ambayo hakuna anayeiona.

Fundi wa zamu wa kampuni alikuwa anatoka Ukunda, yuko Likoni kwenye foleni ya feri, hajui atavuka saa ngapi. Aliyekuwa karibu na chumba cha seva mwenye funguo ni karani wa stoo, mzee wa makamo, mtu makini sana lakini suichi hajawahi kuigusa. Tukakubaliana na meneja nimwongoze yeye kwa simu ya video.

Kabla ya hapo tukagundua rauta ya konsoli haipatikani. Tanuli iko chini. Bando la ile laini ya simu lilikuwa limeisha, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitumia hakuna aliyejua. Meneja akainunulia bando kwa M-Pesa palepale, baada ya muda mfupi tanuli ikapanda. Hebu fikiria kama suichi ingekuwa bado imelala saa ile na hiyo ndio njia pekee ya kuingia.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu, niambie nishike wapi."

Nikamwambia asishike kitu kwanza, anionyeshe tu. Akanizungushia simu nyuma ya raki nikaona vichwa vilivyofungwa, nikamwomba akate ile taiyo na asiguse kebo yoyote iliyochomekwa mahali. Akavuta kichwa kimoja hadi mbele. Sasa supavaiza ya Sup720 usoni ina shimo la konsoli, na pembeni kuna shimo jingine la RJ-45 ambalo ni la data, yanafanana kabisa.

"Mwanangu, hapa kuna mashimo mawili ya sura moja."

Hilo lilinifurahisha kwa kweli, kwamba aliuliza kabla ya kuchomeka. Nikamwambia asome maandishi, atafute neno CONSOLE, anisomee herufi moja moja. Akasoma. Akachomeka. Nilipiga telnet kwenye laini ile, kimya. Nikamwambia achomoe anionyeshe kichwa karibu na kamera, na pini zake zilikuwa zimeshika ukijani. Si unajua hewa yetu ya pwani, chumvi na unyevu, chochote cha shaba kikikaa wazi bila kuchomekwa kinaoza hata kama ndani kuna eyasii. Akachukua kichwa kingine kilichokuwa ndani zaidi ya furushi, hicho kilikuwa safi.

Safari hii ikaja takataka. Herufi hazina maana zinapita tu bila kusimama. Watu wengi hapa wanadhani ni kasi ya laini haijalingana, na inaweza kuwa hivo, konsoli hizi kawaida ni bodi 9600, biti 8, hakuna pariti, stopu biti 1. Lakini konfigi ya rauta ilionyesha kitu kingine. Laini ile haikuwahi kutumika kwa hiyo haikuwa na `no exec`. Bila amri hiyo rauta inadhani kuna mtu upande wa pili anataka kuingia, inamtumia prompti yake, supavaiza inadhani mtu ameandika amri, inajibu kosa, rauta nayo inadhani lile jibu ni amri, mashine mbili zinajibizana bila mwisho na laini inashikika. Nikaweka `no exec`, nikaruhusu `transport input telnet`, nikapiga `clear line` kwa namba ya laini ile, nikaingia tena kwa telnet kupitia anwani ya ndani ya rauta yenyewe. Namba ya poti ni 2000 ukijumlisha namba ya laini, kama laini ni ya 69 unapiga 2069.

Nikabonyeza Enter. `rommon` ikatokea na namba yake ya mstari.

Hapo ndipo nilipovuta pumzi. Rommon ni ile programu ndogo inayowaka kabla ya mfumo wenyewe, na ukiiona inamaanisha kadi ni nzima, imekosa tu cha kupakia. `dir disk0:` ikaonyesha faili ya zamani peke yake. Amri ya `set` ikaonyesha BOOT, yani faili iliyopangwa ya kuwashia, inaelekeza kwenye faili mpya. Faili mpya haipo kwenye ile kadi.

Kisa chote kikafunguka hapo. Fundi wa apgredi aliweka faili `disk0:` ya sloti ya 5. Kadi ya sloti ya 6 ina `disk0:` yake, ambayo ukiwa kwenye ya kwanza unaiita `slavedisk0:`, na huko hakuweka. Lakini mstari wa `boot system` aliposevu konfigi ulinakiliwa kwenda kwa kadi zote mbili, ndivo mfumo unavofanya. Suichi ilipowashwa upya kila supavaiza ikatafuta faili kwenye diski yake, ya 5 ikaipata, ya 6 ikaikosa na ikabaki rommon. Netiweki ikarudi kwa kadi moja, pingi (zile jumbe za kupima kama kifaa kinajibu) zikajibu, watu wakaenda kulala. Toka usiku ule kampuni ilikuwa inatembea na supavaiza moja.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutohamisha kebo ya sloti ya 5. Meneja alipendekeza hivo, ni kebo tayari inafanya kazi, ichomoe hapa ichomeke pale. Nilikataa kwa sababu sloti ya 5 ndiyo ilikuwa imebeba netiweki yote na imetoka kuanguka kwa hitilafu ya memori muda mfupi uliopita. Ukiondoa konsoli yake unajitoa macho kwenye kadi ambayo una sababu nzuri ya kuiogopa.

Wa pili, kutoiriseti sloti ya 6 gizani. `hw-module module 6 reset` ni amri fupi na mkono unawasha kuipiga, na pengine mtu angeipiga mara kadhaa akitumaini. Ingerudi palepale rommon kila mara. Kwanza ona inasema nini.

Wa tatu ulihusu jinsi ya kuifikishia faili. Kuna watu wakifika rommon wanakimbilia xmodem, yani kupitisha faili kwenye waya wa konsoli wenyewe. Piga hesabu: bodi 9600 ni kama baiti 960 kwa sekunde, faili ya megabaiti 100 itachukua kama saa 29, na kebo ikitikisika katikati unaanza upya. Njia niliyochagua ni kuibuti kwa faili ya zamani iliyokuwa bado imo, `boot disk0:` na jina lake. Programu zikiwa tofauti haitafika SSO, itakaa hali ya RPR, lakini hiyo inatosha, kwa sababu ikishawaka kiasi hicho supavaiza ya kwanza inaiona diski yake na unaweza kunakili ndani kwa ndani kwa kasi ya kawaida.

Meneja aliuliza swali zuri, kwamba je ikiwaka na programu ya zamani haiwezi kunyang'anya uongozi ikavuruga konfigi. Haiwezi kwa kuwaka tu. Kuna anayeongoza tayari, ya pili inapokuja inamkuta na inajiweka chini yake. Hatari ingekuwepo kama sloti ya 5 ingeanguka tena wakati ule ule, na hata hapo kupanda kwa programu ya zamani ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu. Ndio maana nilikubali kazi hii ifanyike mchana, na jaribio la kubadilishana uongozi tukaliweka usiku wa Jumapili.

## Matokeo

Ilibuti. Sloti ya 5 ikaanza kuonyesha mwenzake `4 -STANDBY COLD`. Nikanakili faili mpya kwenda `slavedisk0:`, nikalinganisha md5 (alama ya kuhakiki kwamba faili ni ileile) ya nakala zote mbili, nikaongeza mstari wa pili wa `boot system` unaoelekeza faili ya zamani ili ya kwanza ikikosekana kuna pa kuangukia, nikasevu, nikapiga `hw-module module 6 reset` huku natazama konsoli yake. Ikapita rommon bila kusimama, ikapakia, na baadae `show redundancy states` ikasema `8 -STANDBY HOT`. Faili ya zamani hatukuifuta popote. Hiyo ndiyo iliyotuokoa, kama sloti ya 6 ingekuwa imesafishwa kupata nafasi kisa kingekuwa kirefu zaidi.

Fundi wa zamu alifika baada ya yote. Alikagua kazi ya mzee wa stoo akaikuta sawa, akaziweka kebo lebo na kuzifunga vizuri.

Usiku wa Jumapili tukafanya `redundancy force-switchover`, konsoli zote mbili zimefunguliwa kwenye madirisha mawili. Sloti ya 6 ikachukua, pingi iliyokuwa inaendelea ikapoteza jibu moja tu, sloti ya 5 ikajiwasha upya kama kawaida yake. Kisha kijana mmoja wa timu yao akashtuka, "bosi konsoli ya sloti ya 5 imekufa." Haikufa. Ilikuwa imerudi kama supavaiza inayongoja, na kwenye mashine hizi supavaiza inayongoja ikishawaka vizuri haikuruhusu kuandika kwenye konsoli yake, inakwambia `Standby console disabled` na basi. Ukitaka kuongea nayo wakati huo unatumia `remote login standby-rp` kutoka kwa inayoongoza.

## Nini kilifanya kazi, nini kilishindwa

Hapa nataka kukaa kidogo na hili la konsoli, manake ndilo linachanganya watu zaidi. Supavaiza inayongoja ina njia mbili za kufikiwa na kila moja inafanya kazi pale nyingine inaposhindwa. Ikiwa nzima, waya wake unakufungia mlango na unapita ndani kwa ndani. Ikiwa imekwama rommon au inajiwasha bila kumaliza, njia ya ndani haipo na waya ndio pekee. Kwa hiyo mtu anayejaribu waya siku ya amani akaona `disabled` akasema "hii kebo haina faida tuiweke kwingine" anaondoa kile hasa kitakachohitajika siku ya shida. Nadhani ndivo ilivokuwa pale, ingawa hakuna aliyekumbuka nani aliamua.

Kwenye vifaa vipya zaidi vinavyotumia IOS XE, kama Catalyst 9400, unaweza kuifungua konsoli ya kadi inayongoja kwa `standby console enable` chini ya `redundancy` na `main-cpu`. Naona inafaa kuiwasha, ila ujue unaongeza mlango mwingine wa kulinda. Kwa vifaa vya Juniper zenye routing engine (kadi za kuongoza) mbili, njia ya ndani ni `request routing-engine login other-routing-engine`, na kikwazo ni kilekile, upande wa pili lazima uwe umebuti.

Lebo za kebo nazo zilikuwa tatizo. Ile ya sloti ya 5 ilikuwa imeandikwa "ACTIVE". Siku ya kwanza ilikuwa sahihi. Baada ya jaribio la Jumapili ingekuwa uongo, na mtu angeingia saa nane usiku akadhani yuko kwenye inayoongoza kumbe yuko kwenye nyingine. Uongozi unahama, sloti haihami. Sasa zimeandikwa namba ya sloti tu, na kwenye rauta ya konsoli majina ya laini ni hayohayo.

Ukaguzi wa apgredi ndio uliofeli vibaya kuliko yote. Pingi ikirudi inakwambia kuna supavaiza moja inayofanya kazi, haikwambii kuhusu ya pili, na kitu cha akiba kwa asili yake kikifa hakipigi kelele. Amri tatu zingetosha usiku ule: `show module`, `show redundancy states`, na `show bootvar` ambayo inaonyesha pia BOOT ya upande wa pili. Na `dir slavedisk0:` kabla ya kuzima chochote. Simlaumu yule fundi kama mtu, orodha ya kazi aliyopewa haikuwa na mistari hiyo, na aliyemkabidhi orodha ndiye aliyesaini kwamba kazi imekwisha.

Ufuatiliaji pia haukuwepo. Mfumo wao ulikuwa unatazama poti na joto na umeme. Kwa SNMP (njia ya mfumo wa ufuatiliaji kuviuliza vifaa hali zao) kuna orodha ya vipengele, yani MIB, inayoitwa CISCO-RF-MIB, kipengele cha `cRFStatusPeerUnitState`, kinakupa hali ya mwenzake moja kwa moja. Angalieni kitu kimoja mnapoweka alama ya tahadhari: namba za MIB ziko juu kwa moja kuliko zile za skrini. Kwenye skrini `STANDBY HOT` ni 8, kwenye MIB ni 9. Ukiweka 8 utapata tahadhari kila siku na mwisho mtaizima.

Upande wa yaliyofanya kazi, rauta ya konsoli kuwa na njia yake nje ya suichi kuu ilikuwa uamuzi wa busara wa mtu aliyetangulia, bando lilipowekwa ilitufaa palepale. Sasa bando linajilipia kila mwezi na tanuli yenyewe inafuatiliwa kama kifaa kingine chochote. Vichwa ambavyo havijatumika vimefunikwa kwa vifuniko vya plastiki, na kila laini ina `no exec` hata kama haijachomekwa popote.

Na yule mzee wa stoo. Ukimwongoza mtu ambaye si fundi, mpe kitu cha kusoma, usimpe cha kukisia. "Shimo la kushoto" linategemea kasimama wapi, neno CONSOLE halitegemei. Mwambie pia toka mwanzo nini asiguse, na mpe nafasi ya kuuliza bila kuona aibu. Swali lake kuhusu mashimo mawili lilituepusha kuchomeka konsoli kwenye poti ya data na kukaa tukitafuta kosa kwenye rauta.

Kuna jambo moja la usalama ambalo tulilifunga wiki ileile. Aliye kwenye konsoli ya kadi iliyo rommon anaweza kuibuti vile anavotaka bila paswadi yoyote ya mfumo, kwa hiyo rauta ya konsoli ni funguo ya nyumba nzima. Kuingia kwake ni kwa SSH tu kupitia tanuli, anwani zinazoruhusiwa zimeorodheshwa, na telnet za laini hazifikiki kutoka nje ya rauta yenyewe.

Kilichobaki wazi ni ile hitilafu ya memori ya sloti ya 5. Hitilafu ya aina hiyo ikitokea mara moja inaweza isirudi tena, ikirudi kadi inabadilishwa. Kwa sasa sloti ya 6 ndiyo inaongoza na tumeiacha hivo kwa makusudi, ya 5 inangoja huku tunaitazama, na kadi ya badala imeshaombwa bei.